Kabla mfereji wa kwanza haujachimbwa: barua ya wazi kuhusu vinamasi vya mboji vya Kongo

Kwa Mheshimiwa Rais wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo,
kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Hidrokaboni na wa Mazingira,
na kwa Wabunge na Maseneta wetu mlioko Kinshasa

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa Ibara ya kwanza ya Katiba ya 2006 inakitaja, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, kuwa lugha ya taifa. Naandika hivyo pia kwa sababu habari za ardhi yetu huandikwa kwa Kifaransa, zikachapishwa kwa Kiingereza, zikajadiliwa Ulaya, ndipo siku moja mtu wa Kisangani au Bukavu azisikie redioni kama habari za nchi ya watu. Najua kwamba kwenye vinamasi ninavyovitetea watu husema Kilingala na Kimongo. Wataniwia radhi.

Ombi langu ni moja, nalitaja mapema ili msilitafute chini kabisa: ondoeni vinamasi vya mboji vya Cuvette Centrale, yaani nchi ya chini iliyo katikati ya bonde la Kongo, kwenye ramani ya vitalu vya mafuta, yale maeneo wanayogawiwa wachimbaji. Viondolewe kwa sheria iliyopitishwa na Bunge, na sababu ya kuviondoa iandikwe ndani ya sheria hiyo hiyo. Hilo la sababu kuandikwa nitalirudia, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Miaka nenda miaka rudi nimelichora bonde la Kongo ubaoni, na pale katikati, ambapo mto unajipinda na kuikata Ikweta mara mbili, nilikuwa naweka vistari vya buluu na kuandika neno "kinamasi". Basi. Wanafunzi walinakili, tukahamia Katanga kwenye shaba, maana huko ndiko maswali ya mtihani yalikotoka. Sikujua kwamba nilikuwa naruka mali kubwa kuliko shaba yote niliyowahi kuisomesha.

Mwaka 2017 watafiti, wakiwemo Greta Dargie na Simon Lewis kutoka Uingereza na Suspense Averti Ifo wa Chuo Kikuu cha Marien Ngouabi, Brazzaville, walitoa ramani ya kwanza ya mboji hiyo. Walikuwa wamekaa miezi mingi kwenye matope ya Likouala, upande wa Brazzaville, wakizamisha kwa mikono chombo cha chuma na kutoa udongo nusu mita kwa nusu mita, huku wenyeji wa vijijini wakiwabebea mizigo na kuwaonyesha mahali pa kukanyaga. Walihesabu kilomita za mraba 145,500. Mwaka 2022, baada ya kupima upande wetu pia kandokando ya mito ya Ruki, Busira na Ikelemba, na Corneille Ewango wa Chuo Kikuu cha Kisangani akiwa miongoni mwao, hesabu ilipanda hadi kilomita za mraba 167,600. Hiyo ni Rwanda sita na zaidi. Karibu theluthi mbili ziko kwetu, zilizobaki ziko kwa ndugu zetu wa Brazzaville. Ndani yake kuna kaboni ya tani zipatazo bilioni 29. Ukiichukua miti yote iliyosimama katika msitu mzima wa bonde la Kongo, kaboni iliyomo katika vigogo na matawi yake inakaribiana na hiyo iliyolala kimya chini ya maji, katika eneo dogo tu la bonde.

Ninaposema mboji sisemi ile ya bustanini. Waliosoma Kifaransa huiita tourbe, Wanyarwanda wana neno lao tamu, nyiramugengeri. Ni mabaki ya majani, mizizi na vigogo yaliyokataa kuoza. Mahali pengine msituni jani likianguka, mchwa na kuvu hulimaliza kwa muda mfupi, na kaboni yake inarudi hewani. Lakini jani likianguka kwenye maji yaliyotuama, yasiyo na oksijeni na yenye uchachu wa tindikali, linaoza nusu tu. La mwaka unaofuata linalala juu yake, na linalofuata vivyo hivyo. Pale walipopima mwanzo, kina cha wastani kilikuwa mita 2.4, na penye kina zaidi kilikaribia mita 6. Kazi hiyo imechukua zaidi ya miaka 10,000. Pigeni hesabu, Waheshimiwa: ni kama milimita moja kila baada ya miaka minne. Mtoto aliyezaliwa leo Bikoro akijaliwa kufika miaka 70, mboji iliyoongezeka katika uhai wake wote haitafika sentimita mbili.

Ndiyo maana maji ya huko ni meusi kama chai iliyokolea. Ziwa Mai-Ndombe limebeba habari hiyo katika jina lake, maji meusi, muda mrefu kabla ya maabara yoyote. Upande wa Brazzaville mboji imelala kwenye nchi pana kati ya mto na mto, na inalishwa hasa na mvua. Katikati huinuka kidogo tu kama mgongo wa samaki, kiasi kwamba jicho haliuoni mwinuko. Upande wetu sehemu kubwa imefuata mabonde ya mito, na mto ukifura nao unaingia. Juu yake kuna misitu ya miti migumu inayostahimili kusimama majini, na miwale, ile mitende ya rafia inayotoa makuti ya kuezekea na mvinyo wa kulainisha maneno ya wazee. Sokwe wa nyanda za chini wako ng'ambo ya kaskazini, bonobo wako kusini ya mto, na ndovu wa msitu wanapita wakiacha njia ambazo baadaye wavuvi huzitumia.

Kila kitu hapo kinashikiliwa na kimo cha maji. Msitu waweza kukatwa kipande ukaota tena mjukuu akaukuta. Mboji ikikauka, hewa inaingia, vijidudu vinaanza kula karamu iliyowasubiri kwa maelfu ya miaka, na kaboni inapanda angani kimyakimya, kama gesi inayoipasha dunia joto, hata kama hakuna aliyewasha kiberiti. Akitokea wa kuwasha, moto unashuka chini ya ardhi, unatambaa bila kuonekana, na mvua moja haiuzimi.

Sisemi haya kwa kubahatisha. Kinamasi chenyewe kina kumbukumbu. Mwaka 2022 watafiti walichapisha walichokisoma ndani ya mboji ya bonde letu, tabaka kwa tabaka, kama mtu anavyosoma daftari la zamani. Walikuta kurasa zimepotea. Mboji iliyopaswa kuwa ya kati ya miaka 7,500 na 2,000 iliyopita karibu haipo kabisa. Yapata miaka 5,000 iliyopita hali ya hewa ilianza kuwa kavu, maji yakashuka, na mboji iliyokwisha kujengeka ikaoza ikaondoka, mita mbili au zaidi. Mvua iliporudi, yapata miaka 2,000 iliyopita, kinamasi kikaanza upya. Maana yake kinamasi hiki kimeshawahi kuvuka mpaka na kuanguka, bila binadamu kuchimba hata shimo la mhogo. Na leo tunataka kukiongezea mifereji?

Maana mafuta hayatoki kwenye kinamasi bila mifereji au barabara. Naomba nikae hapa kidogo. Watetezi wa kuvitoa vitalu kwa zabuni husema teknolojia ya siku hizi ni safi, kisima kimoja kinachukua eneo dogo kama uwanja wa mpira. Huenda. Lakini mtambo wa kuchimbia hauruki kama kwarara. Kwanza zinapasuliwa njia za kupimia miamba, mamia ya kilomita kwa mistari iliyonyooka. Kisha inajengwa barabara juu ya tuta la udongo, na tuta kwenye kinamasi ni ukuta: upande mmoja maji yanajaa miti inakufa kwa kuzama, upande wa pili maji yanapungua mboji inakauka. Au unachimbwa mfereji wa kupitisha majahazi, na mfereji ni bomba la kutolea maji lisilo na koki. Bomba la mafuta nalo lipite humo humo. Kisha barabara ikishakuwepo, mkata mbao anaifuata, mchoma makaa anamfuata mkata mbao, na hakuna askari wa kusimama kila kilomita. Hata wakichimba kwa uangalifu wote wa dunia na tone lisimwagike, maji yatakuwa yameshahama.

Na mafuta yenyewe yako wapi? Katika bonde hili upande wetu vilichimbwa visima vinne vya utafiti: Samba mwaka 1955, Dekese 1956, kisha Mbandaka na Gilson mwaka 1981. Hakuna hata kimoja kilichotoa mafuta ya kuuza. Inawezekana cha tano kitatoa, mimi si mjiolojia. Lakini mtu akiniomba niuze ng'ombe anayekamuliwa kila siku ili ninunue mfuko ambao haujafunguliwa, nitamwomba kwanza aniruhusu niukamatekamate.

Tutazame waliotangulia. Mwaka 1995 Rais Suharto wa Indonesia aliamuru hekta milioni moja za vinamasi vya mboji huko Kalimantan ya Kati zigeuzwe mashamba ya mpunga. Walichimba mifereji ya zaidi ya kilomita 4,000. Mpunga ulikataa, maana udongo huo ni mchachu na hauna chakula cha mmea. Mwaka 1997 El Niño, ile hali ya Bahari ya Pasifiki kupata joto, ikaleta ukame huko, na vinamasi vya Indonesia vikawaka. Makadirio ya kaboni iliyotoka kwa mioto ya mboji na misitu mwaka huo yanaanzia tani bilioni 0.81 hadi 2.57, yaani kati ya asilimia 13 na 40 ya kaboni iliyotolewa na makaa ya mawe, mafuta na gesi duniani kote kwa mwaka. Moshi uliwafunika hadi majirani. Mradi ukafutwa, mifereji ikabaki. Mwaka 2015 waliungua tena vibaya, na Januari 2016 serikali yao ikaunda idara maalumu ya kurudisha maji kwenye mboji: kuziba, mfereji mmoja baada ya mwingine, kile ilicholipia kuchimbwa. Waindonesia hao hao walikuja Brazzaville Machi 2018, wakatia saini pamoja na Kongo zote mbili azimio la kulinda vinamasi hivi. Walikuja kutuonyesha kovu.

Kuna mfano mwingine mdogo ninaoupenda zaidi, kwa sababu hauna moto wala kelele. Huko Holme Fen, Uingereza, karibu 1851 walipokuwa wakikausha ziwa na kinamasi ili walime, walikita nguzo ya chuma ndani ya mboji mpaka kichwa chake kikawa sawa na uso wa ardhi. Hawakuifukua tena. Leo nguzo hiyo imesimama nje kama mita 4, mtu akisimama chini yake anaitazama kwa kuinua shingo. Nguzo haikupanda. Nchi ndiyo iliyoshuka, na kaboni yake iko angani tunapumua sote. Wao walikausha, wakalima, wakatajirika. Hilo nalikubali na linaniuma kama linavyowauma ninyi. Lakini hasira dhidi ya aliyeunguza nyumba yake si sababu ya kuunguza ya kwetu.

Sasa nirudi kwenye sababu.

Tarehe 28 Julai 2022 serikali ilifungua zabuni ya vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi. Baadhi vililala juu ya mboji. Dunia ikapiga kelele, tukajibu kwamba tuna haki ya kutumia mali yetu, na jibu hilo lilikuwa la haki. Oktoba 2024 zabuni ya vitalu vya mafuta ikafutwa, na wengi walishangilia. Mimi nilisoma sababu zilizotolewa na wizara: maombi yalichelewa, mengine hayakukidhi masharti, ushindani ulikosekana. Sikuona neno mboji. Sikuona neno maji. Tuliponea kwa sababu wateja hawakuja sokoni, wala si kwa sababu mwenye mali alikataa kuuza. Kwa hiyo sikushangaa kabisa Mei 2025 ilipotangazwa ramani nyingine, ya vitalu 52, na Cuvette Centrale ikiwa ndani. Miezi minne tu kabla ya hapo, Januari 2025, nchi hii hii ilikuwa imetangaza Ukanda wa Kijani kutoka Kivu hadi Kinshasa, zaidi ya kilomita za mraba 540,000, na tukapigiwa makofi huko nje. Ramani mbili za serikali moja, ardhi ile ile. Mwanafunzi wangu akinichorea hivyo namrudishia daftari.

Ndiyo maana nasema tangazo la waziri halitoshi, na kufuta zabuni hakutoshi. Kinachofutwa kwa kukosa wateja hurudi wateja wanapopatikana. Bei ya pipa ikipanda kesho, kinga yetu imekwisha. Tunataka sheria inayosema: ardhi yenye mboji haigawiwi kuwa kitalu cha mafuta wala shamba la kukaushwa, kwa sababu kuchezea maji yake ni kuiangamiza. Mahakama ipate cha kusoma. Waziri ajaye, awe mwema au awe na haraka, akute mlango umefungwa kwa ufunguo ulioko Bungeni.

Mtaniuliza, na wenyeji wale nini? Swali zuri, ila linaulizwa mno na watu wasiokwenda kuwauliza wenyeji. Kinamasi hiki si nyika tupu. Wakati wa kiangazi wanawake huziba vidimbwi kwa matope, wanachota maji kwa vikapu na mabeseni mpaka samaki wabaki wanarukaruka. Ndizo protini za familia kwa miezi. Kuna makuti, dawa, viwavi, nyama. Batwa, yaani Wapigmi, na majirani zao wanajua kinamasi kwa kukanyaga, na mwaka 2017 watafiti walipoithibitisha mboji ya upande wetu, katika kijiji cha Lokolama, walipelekwa na watu wa hapo hapo. Watu hao wanaikumbuka historia nyingine pia. Mwaka 1903 Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, alipozuru Ziwa Tumba alikuta vijiji vilivyopungukiwa na watu kwa sababu ya kulazimishwa kugema utomvu wa mpira kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Wakati ule pia nchi ya mbali ilihitaji kwa haraka kitu kilichomo ndani ya msitu ule. Utajiri ulikwenda Antwerp, na waliobaki walibaki na makovu.

Nyenzo za kuwalinda mnazo tayari, mmezitunga wenyewe. Amri ya 2014 juu ya misitu ya jamii inaruhusu kijiji kumilikishwa hadi hekta 50,000 bila kikomo cha muda. Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inazitambua na kuzilinda haki za watu wa asili wa Kipigmi. Hiyo ilitiwa saini siku 13 kabla ya mnada wa vitalu kufunguliwa. Sijui kama karani aliyepanga kalenda aliliona. Vijiji vilivyo juu ya mboji vipewe hati hizo kwanza, bure, bila kusukumwa kutoka ofisi hadi ofisi, na wataalamu wa Kisangani na Mbandaka walipwe kupima kimo cha maji kila msimu. Kifaa chenyewe ni bomba la plastiki lililotobolewa na kuzamishwa ardhini. Hakihitaji mkopo wa benki.

Kuhusu fedha niseme waziwazi kwa sababu hapo nipo upande wenu. Novemba 2021, Glasgow, mlitiliana saini na wafadhili makubaliano ya dola milioni 500 za misitu. Ukizigawa kwa kaboni iliyoko kwenye mboji ya upande wetu peke yake, bila kuhesabu mti hata mmoja, haifiki senti tatu za dola kwa tani. Najua fedha zile hazikutolewa kwa ajili ya mboji tu, na hesabu yangu ni ya ubaoni. Lakini inaonyesha jinsi tunavyodharauliwa. Nendeni mkadai zaidi. Dai kali, la kudumu, lenye sahihi. Ila msiende mezani na kiberiti mfukoni mkitishia kuchoma nyumba msipolipwa, maana mnunuzi akigundua kwamba waliomo ndani ni watoto wenu, bei itashuka wala haitapanda. Mwenye sheria tayari mkononi anadai kama mlinzi aliyefanya kazi. Asiye nayo anaonekana mtekaji.

Tena tusisahau kwamba eneo la Tumba-Ngiri-Maindombe liliandikishwa mwaka 2008 chini ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, zaidi ya kilomita za mraba 65,000, na wakati huo lilikuwa ardhi oevu kubwa kuliko zote katika orodha ya mkataba huo. Hatukulazimishwa. Ahadi ipo, saini ipo. Kilichokosekana ni kifungu cha sheria ya nyumbani kinachomzuia mtu wa wizara moja kuuza kilichoahidiwa na wizara nyingine.

Kabla hamjapiga kura yoyote juu ya vitalu hivyo, nawaomba wachache wenu mpande mtumbwi kutoka Mbandaka mwingie kinamasini wakati wa kiangazi, maji yakiwa chini. Mwombeni mwenyeji awakatie mti mwembamba wa mita tatu. Uchomekeni kwenye mboji kwa mikono miwili, bila nguvu. Utazama, na ukishafika chini, mkiuchomoa mtaona mahali ulipogusa udongo wa mfinyanzi wa kijivu chini kabisa. Juu ya alama hiyo yote ni majani.

Nasubiri jibu. Likija kwa Kifaransa nitalisoma. Likija kwa Kilingala litasomwa hadi Lokolama.

Wenu katika utumishi,
Mwalimu wa jiografia, Kisangani